Hadithi Iliyong'olewa Mashine

Siku ya Jumapili, nyumba ya Nyakio huko Pioneer, mtaa wa Eldoret, haikukosa viatu mlangoni. Kanisa likiachilia watu, kabla hata mchungaji hajamaliza kusalimiana na wazee, akina mama walikuwa wameshakata kona, kila mmoja na lake: nani amerudi kwao na masanduku, nani anajengewa na nani, mwalimu gani ameonekana akila nyama na mke wa mtu. Nyakio alikuwa na kibanda cha mapazia ya mitumba mjini, kwa hivyo sebule yake ilivaa vizuri kuliko wageni wake. Chai yake ilikuwa na maziwa mengi kuliko maji. Ulikuwa unaingia pale na siri, unatoka na mandazi.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na watu wake waliuvumilia jinsi unavyomvumilia mtu mzuri anayekoroma. Aliandika hadithi. Tena si hadithi za kawaida, za msichana kutiwa mimba na shemeji, ambazo wangezimeza bila kutafuna. Zake zilikuwa za miaka ambayo haijafika. Mvua inayoagizwa kama gunia la mbolea. Ng'ombe wanaozungumza na daktari wao kwa waya. Alianza mtoto wake Byron akiwa bado anavaa kaptula, na sasa Byron alikuwa chuo huko Kisumu, na mama yake hakuwa amesikilizwa hata hadithi moja mpaka mwisho. Hilo ndilo lilimkera. Hakuwa anatafuta pesa wala jina. Alitaka siku moja aanze kusoma na watu wanyamaze mpaka amalize.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, watu wakingoja mvua ya kupanda, alingoja vikombe vijae, akatoa karatasi zake.

"Mwaka wa elfu mbili na tisini," akasoma, "Timboroa kulikuwa na mzee aliyeitwa Phineas."

"Ngoja kwanza," Betty akasema. Betty aliuza kuku wa kienyeji sokoni na mdomo wake haukuwa na breki. "Elfu mbili na tisini bado kuna mtu anaitwa Phineas?"

"Amepewa jina la babu yake. Wacha nisome."

Akasoma. Wakati huo, kulikuwa na mashine iliyoitwa Sikizi, chuma chembamba chenye urefu wa mwiko wa kusongea ugali wa matanga. Unakichoma chini, unaweka sikio, na udongo unakuambia kila kilichowahi kusemwa na kufanywa juu yake. Serikali ilikuwa inapitisha Sikizi shamba kwa shamba, na Phineas hakutaka ifike kwake.

"Timboroa," Betty akarudia. "Timboroa hiyo ya stima kupotea wingu likipita. Hicho chuma kitachajiwa wapi?"

Sebule nzima ikacheka. Kim, mdogo wake Nyakio, ambaye alikuwa na bodaboda na hamu ya kuchekesha wanawake wa watu, akaongeza, "Kitachajiwa nini? Kikifika tu kitauzwa kwa watu wa vyuma kuukuu. Hakitasikia hata salamu."

"Mimi nakitaka," Cate akasema. Cate alikuwa msusi, saluni yake iko karibu na steji. "Nikichome pale nyuma ya choo nijue bwanangu huwa anapigia nani simu."

Hapo ndipo hadithi ilikufa. Nyakio alijaribu kusukuma mbele, mpaka pale mke wa Phineas anapochukua Sikizi mwenyewe na kuichoma kwenye mpaka, lakini watu walikuwa wameshahamia kwa bwana wa Cate. Walipomaliza kumla kwa maneno, Cate akamgeukia mwenye nyumba kwa upole. "Mama Byron, wewe una mkono wa kuandika. Lakini andika kitu cha ukweli. Hizi za vyuma kuongea ni za watoto, waonyeshwe kama katuni."

"Na wazungu," Betty akasema. "Hao ndio wana nafasi ya kufikiria mambo kama hayo. Sisi bado tunafikiria mahindi."

Nyakio akacheka nao, akakunja karatasi. Alikuwa amezoea. Lakini katika nyumba hiyo kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu jina la Timboroa litajwe, naye alikuwa Jelagat.

Jelagat, mama yake Kipkoech, alikuwa jirani ya Nyakio tangu Pioneer bado ina nyasi. Yeye aliishi hapa kwa sababu ya duka lake la sare za shule. Mume wake alikaa zaidi kwenye shamba lao Timboroa, wakikutana wikendi. Watu walizoea kuwaona Nyakio na Jelagat pamoja, mmoja mnene wa maneno, mwingine mkavu. Wengine walipoondoka, Jelagat alibaki kuosha vikombe.

"Soma tena pale chuma kinasema," akasema, mikono ikiwa ndani ya povu.

Nyakio akasoma akiwa ameegemea mlango wa jikoni. Udongo ulitoa sauti ya jembe. Ukatoa sauti ya bikoni, lile jiwe la mpaka, likikwaruzwa, likivutwa kutoka mahali lilipowekwa na mpima ardhi, mchana kweupe, kwa sababu majirani walikuwa wamekimbia na hakukuwa na mtu wa kuona. Ukatoa pumzi za mwanamume. Na sauti ya mwanamke, mara moja tu: yatosha, turudishe.

Jelagat akachukua kikombe kingine. "Huyo mama hajaambia mtu."

"Hajaambia mtu."

"Ni chini imesema."

"Ni chini."

Jelagat akasuuza kikombe ambacho kilikuwa safi tayari. "Basi iko sawa. Hiyo naweza kubeba. Hata ningependa isikike siku moja. Isikike na mimi nikiwa nimenyamaza."

Maana yote hayo yalikuwa yake. Mwaka uliopita, kwa matanga ya Mzee Ndungu, Nyakio na Jelagat walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba wakimenya viazi, na Jelagat, bila kuulizwa, akamwambia. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, mzee Wanjohi wa shamba la jirani alikimbia na watoto wake wakaenda kulala uwanjani mjini. Walipokuwa huko, Baba Kipkoech aling'oa bikoni akaisongeza ndani ya shamba la Wanjohi. Jelagat alikuwa ameshika upande wa pili wa jiwe. Wanjohi aliporudi alilalamika mpaka akafa, na Jelagat alikuwa anapeleka maziwa katika nyumba hiyo na kurudi na kibuyu kitupu na shukrani. Alipomaliza kusema aliokota kiazi kingine. Nyakio alikaa na neno hilo miezi, likimchoma, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema na hili halingesemeka. Ndiyo akatengeneza Sikizi. Mashine ile ilikuja kwa sababu hakukuwa na binadamu wa kulibeba.

Sasa, Cate alikuwa akimsuka mke wa mtangazaji mmoja, Elphas, wa redio ndogo ya mjini iliyoko orofa ya juu kabisa ya jumba ambalo chini yake wanauza dawa za mifugo. Elphas alikuwa na kipindi cha hadithi jioni, watu wakipika. Cate, kwa wema wake tu, akapeleka sifa, na Nyakio akaitwa.

Alipanda zile ngazi akiwa amevaa sketi ya kanisani. Elphas alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mchovu, mwenye sauti nzuri kuliko uso. Alisoma karatasi zote mbele yake, na kwa mara ya kwanza Nyakio alimwona mtu akifika ukurasa wa mwisho.

"Dada yangu, unajua kazi," Elphas akasema. "Pale bikoni inavutwa, nywele zangu zilisimama. Lakini hiki chuma."

"Kina nini?"

"Kinatuharibia. Msikizi wangu saa hiyo ameshika mwiko, mtoto analia, bwana anauliza chakula. Ukimwambia mwaka elfu mbili na tisini, anajua hii si yake. Anabadilisha stesheni."

"Pengine akisikia kidogo."

"Nilishajaribu. Niliwasomea hadithi ya watu wanalima mwezini. Mmoja akanitumia ujumbe, anauliza huko mwezini hatimiliki inatolewa na chifu gani. Yule anatulipia kipindi anauza chakula cha ng'ombe. Akanipigia: Elphas, ng'ombe wangu na mwezi wapi na wapi." Alicheka, lakini si sana. "Na waliosoma ndio wabaya zaidi. Mwalimu akisikia kuna mashine anasema ni ya watoto. Akisikia mtu amefia shamba, anasema hii sasa ni fasihi. Mashine ikiletwa na meli, tunapanga laini kuinunua. Ikitoka kichwani mwa mama wa mapazia tunamcheka. Sijui ni kwa nini. Lakini ndivyo tulivyo, na mimi nataka kazi yangu."

"Na nikitoa chuma, udongo utasema na nini?"

"Udongo usiseme. Aseme mtu. Nani alikuwa pale? Mke. Mke amwambie rafiki yake, na rafiki ndiye anatusimulia. Kwisha maneno."

Nyakio alisema atafikiria. Uongo. Alipokuwa anashuka ngazi, hadithi ilikuwa tayari inajipanga upya kichwani, na kilichomtisha ni jinsi ilivyokuwa inajipanga vizuri.

Aliiandika kibandani mwake, nyuma ya mapazia, mvua ya kwanza ikipiga mabati. Alijitahidi kuwa mwangalifu. Mume aliyekuwa mrefu akamfupisha. Mke akampa mguu wa kuchechemea. Watoto wa kiume akawageuza wasichana. Timboroa aliitoa, na Elphas akairudisha kwa simu, akisema watu wanapenda kusikia kwao. Ilibaki pengo moja tu, pale mashine ilipokuwa imesimama: huyu mama anamwambia rafiki yake wapi? Nyakio akawapeleka mtoni. Ikanuka uongo. Akawapeleka kanisani, sokoni, wakivuna karoti. Kila mahali walikuwa kama watu wa kuigiza. Mwishowe, mvua ikiwa imechoka na yeye pia, akawaketisha nyuma ya nyumba ya matanga, wakimenya viazi. Papo hapo wakaanza kupumua.

Matanga yako kila mahali, akajiambia. Viazi pia.

Alipita nje ya duka la Jelagat mara mbili bila kuingia. Alisema atamwambia Jumapili. Jumapili Jelagat alikuwa Timboroa akipanda, na Jumanne hadithi ikasomwa.

Nyakio alikwenda kuisikilizia kwa Cate, kwenye saluni. Wanawake walikuwa wamejaa kule ndani, wengine kichwa nusu, na sauti ya Elphas ikaingia kwa ile redio ya juu ya kabati. Mwanzoni walikuwa wanaongea. Kisha mmoja akamwambia mwenzake, ebu shhh. Cate akazima mashine ya kukausha nywele. Bikoni ilipoanza kuvutwa, kitana kilisimama hewani. Mteja aliyekuwa mlangoni akasahau kutoka. Na wakanyamaza hivyo, wote, mpaka neno la mwisho. Kwa muda huo mfupi hakukuwa na mtu mwenye furaha Eldoret nzima kumshinda Nyakio. Alikuwa ameshika ukuta.

Kisha Elphas akafungua simu, na msikizi wa kwanza akasema, "Huyo jamaa mimi namjua."

Wa pili alimjua mwingine. Wa tatu akataja kilima. Hadi kufikia asubuhi yake mjini hakukuwa na mazungumzo mengine, kwenye steji, kwenye vibanda vya chai, kwa foleni ya benki. Hakuna aliyeuliza hadithi imeandikwaje. Waliuliza ni ya nani. Mzee mmoja wa Burnt Forest, ambaye maskini hakuwa amesongeza hata kijiti, alikuta watu wamesimama kando ya ua wake wakipima kwa macho. Jinsi watu wa huku wanavyomheshimu mwandishi ndiyo hiyo: wanamtafuta mtu aliyeandikwa. Phineas wa elfu mbili na tisini hakuna aliyewahi kumtafuta. Alikuwa salama huko mbele, na hadithi yake, na mke wake.

Jumapili hiyo viatu vilimwagika mpaka barabarani. Walikuja hata watu wa kanisa lingine. Mtu alileta soda. Nyakio alikaribishwa kwenye kiti chake mwenyewe kama mgeni.

"Sasa umeandika," Betty akasema, akimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Hii sasa ni hadithi. Hata bwanangu alisikiza, na yule hasikizi kitu. Si nilikuambia uachane na vyuma?"

"Ulisema."

"Sasa tuambie. Ni nani?"

"Si mtu. Ni ya kutunga."

Watu wakacheka, cheko la kujua. Nyakio alisema tena kwamba ni ya kutunga, ametoa kichwani, na akaona kwamba hawakuwa wanamwamini hata kidogo. Alipowaletea chuma kinachoongea walimwambia ni uongo. Leo alikuwa anaapa ni uongo na hakuna wa kukubali.

"Ya kutunga na ile ya viazi?" Cate akauliza. "Pale mama anasema halafu anaokota kiazi kingine. Hiyo haitungwi. Hapo mtu alikuwepo."

"Eeh, hapo mtu alikuwepo," Betty akasema, na macho yake yakaanza kuhesabu. Huyo Betty alikuwa na kichwa cha matanga. Angeweza kukuambia kwa mazishi ya mtu yeyote nani alipika wali ukaungua, nani alikuja na sufuria tupu na kuondoka nayo nzito. "Wewe Mama Byron hupendi kumenya. Hata hapa kwako huwa ni Kim anamenya. Ni matanga moja tu nimekuona na kisu. Ya Mzee Ndungu. Mimi nilikuwa kwa mboga ya sukuma, Cate alikuwa kwa nyama na ile kofia yake. Nyuma kwa viazi mlikuwa wawili tu, wewe na…"

Hakumaliza. Hakuhitaji. Mtu aliweka kikombe chini na kikasikika. Wote walikuwa wanaangalia pembe ya kochi, karibu na dirisha, mahali ambapo Jelagat huwa anakaa, na leo hakuwa amekuja.

"Shamba lao si liko Timboroa?" mtu akauliza nyuma, polepole.

Kim ndiye alijaribu. "Nyinyi watu. Viazi vinamenywa kila matanga. Kwani sasa mtu akimenya anaandikiwa kesi?" Lakini hakuna aliyecheka, na Kim hakuwa amezoea hilo, akatoka nje kuangalia pikipiki yake.

Kesho yake Nyakio alikwenda kwa Jelagat. Duka lilikuwa limefungwa. Alimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kiti kifupi akichambua maharagwe kwenye ungo, akitoa mawe kama mtu ambaye ana siku nzima ya kutoa mawe.

"Mama Kipkoech."

"Keti."

Hakukuwa na kiti kingine. Nyakio akachuchumaa. "Baba Kipkoech yuko?"

"Yuko shamba. Jumatano aliniuliza kwa simu kitu moja tu, kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Hajapiga tena."

Kulikuwa na kuku akizunguka, na kwa majirani redio, mtu akiomba nyimbo.

"Mbona ulitoa ile mashine?" Jelagat akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa.

"Walikuwa wanacheka."

"Mimi nilicheka?"

Nyakio akamfukuza kuku aliyekuja karibu na ungo.

"Nilikuwa pale. Mmoja. Hukuniona kwa sababu ulikuwa unatafuta wengi." Akatoa jiwe, akalitupa. "Mimi sikusoma sana, sijui mambo ya elfu mbili na nini. Lakini niliposikia chini ndiyo inasema, niliona kama umenitua mzigo na hakuna mtu ameniangalia uso. Nikasema huyu Nyakio ana akili. Ameniwekea mlango wa nyuma. Sasa umekuja umeufunga na umeniweka mbele."

"Nilibadilisha vitu vingi. Nilikupa mguu."

"Nilisikia. Nachechemea." Alikaribia kutabasamu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Alimimina maharagwe kwenye sufuria, akaanza mengine. Alisema Jumamosi wazee wanakaa Timboroa, wa kwao na wa kina Wanjohi. Macharia, kijana mkubwa wa Wanjohi, alikuwa amesikia redio akaenda kwa chifu msaidizi. "Wataniita niseme nilichoona, mbele ya watoto wangu. Nikisema, nimemuuza baba yao. Nikinyamaza, nimeshika lile jiwe mara ya pili."

"Nitaenda na wewe."

Jelagat akainua macho kwa mara ya kwanza. "Uende kama nani?"

Nyakio akanyoosha mkono kwenye ungo, akatoa jiwe moja.

"Rudi nyumbani, Mama Byron. Utakuwa na wageni."

Mambo ya Jumamosi hayo Nyakio aliyasikia kwa Macharia mwenyewe. Alikuja kibandani kwake katikati ya wiki, mwanamume mpole mwenye buti za shamba, na mfuko wa karoti zenye udongo bado.

"Nilitaka nikuone," akasema. "Bikoni imerudi."

"Aliongea?"

"Aliongea. Na aliongea kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwao, ndio sisi pia tusikie bila kutafsiriwa. Mzee wake aliondoka kabla amalize. Kipkoech akamfuata baba yake. Yeye akamaliza tu, hata kama wengi walikuwa wanaangalia chini. Tulimwambia twende unywe chai kwetu, akasema asante. Akapanda gari ya kwenda kwa ndugu yake, Kapsabet. Sijui kama atarudi. Pale shamba hawezi, wamemwambia."

Nyakio alikunja pazia lililokuwa limeshakunjwa.

"Ni kipande kidogo tu," Macharia akasema. "Baba alikufa akikitaja. Sasa tunakiangalia, hata hatujui tupande nini. Yule mama ndiye alikuwa akituletea maziwa tuliporudi, tukiwa hatuna hata kikombe." Akasugua mikono. "Lakini wewe Mungu akubariki. Hadithi yako imefanya kazi."

"Mwanzoni ilikuwa na mashine," Nyakio akasema. Hakujua kwa nini anamwambia. "Ilikuwa ya mwaka wa elfu mbili na tisini. Udongo wenyewe ndio ulikuwa unasema. Hakuna mtu alikuwa anataja mtu."

Macharia alimsikiliza kwa adabu, akitabasamu jinsi unavyomtabasamia mtoto wa mwenyeji. "Haki, mama, hiyo singesikiza," akasema. "Wacha nikwambie ukweli. Ningezima."

Akaondoka. Jioni hiyo Elphas alipiga simu. Simu zilikuwa hazijakoma, alisema, mwenye chakula cha ng'ombe alikuwa na furaha, wanataka nyingine. "Kama ile ile, dada yangu. Ukweli mtupu." Nyakio alisema hana. Elphas akacheka, akasema mtu wa nyumba kama yake hawezi kukosa.

Alimpigia Jelagat. Iliita mpaka ikakatika, akapiga tena, na mara hii ikakatwa.

Jumapili iliyofuata watu walikuja. Si wengi kama ile ya soda, lakini walijaza kochi na viti vya plastiki, na pembe ya dirishani ikabaki tupu bila mtu kuambiwa asikae. Chai ilikuwa ile ile. Walizungumza juu ya mvua, kwamba imeanza vizuri. Walizungumza juu ya mbolea, na mahubiri, kwamba mchungaji leo hakurefusha. Nyakio akangoja. Alijua nyumba yake. Baada ya kikombe cha kwanza ndipo huwa inafunguka.

Kikombe cha kwanza kikaisha.

"Mnajua yule wifi yangu wa Langas," Cate akaanza, akijisogeza mbele kwenye kiti, macho yakiwaka, "juzi alipatikana…"

Akaona Nyakio anamwangalia. Akasita na mdomo wazi. Akajisogeza nyuma.

"Amefanya nini?" Nyakio akauliza.

"Aah, si kitu."

"Cate, sema. Mimi sina hata kalamu hapa."

Walicheka, kidogo, kwa heshima. Betty aliomba sukari na sukari ilikuwa mbele yake.

"Acha tu, Mama Byron," Cate akasema. "Hii mvua ikiendelea hivi, mahindi mwaka huu yatakuwa mazuri."

Wakakubali wote kwamba yatakuwa mazuri. Walikaa muda wa adabu, wakasifu mandazi, kisha mmoja akakumbuka nguo alizoacha kwenye kamba, na wengine wakakumbuka za kwao.